Mteja wa siri: Anayetanguliza fedha ana lake jambo

Matangazo ya kazi ya "mteja wa siri" yamekuwa yakiwafikia watu kwa simu na barua pepe, yakiahidi malipo manono kwa kununua bidhaa dukani au kula mgahawani. Kwa kuwa ajira ni chache, wengi hujibu bila kuuliza maswali.

Kazi yenyewe ipo. Benki, kampuni za simu na hoteli hutaka kujua wahudumu wao wanafanyaje kazi bosi anapokuwa hayupo, hivyo huzilipa kampuni za utafiti, nazo humtuma mtu wa kawaida akajifanye mteja. Huyo hupanga foleni kama wengine, huuliza alichoagizwa, huangalia kama amesalimiwa, kama amepewa risiti na kama choo ni kisafi, kisha hujaza fomu siku hiyohiyo kabla hajasahau.

Matapeli nao wameiona nafasi. Nchini Marekani, ambako shughuli hii imeenea na ambako ndugu zetu wengi huhangaikia vibarua vya ziada, "mwajiri" humtumia mtu hundi, tuseme ya dola 2,000. Humwagiza aiweke benki, abaki na dola 300 kama ujira, na zinazobaki azitume kupitia kampuni ya kuhamisha fedha, eti anaipima huduma yake. Siku hizi wengine huambiwa wanunue kadi za zawadi na kumsomea "msimamizi" namba zake.

Sheria za huko huitaka benki iruhusu fedha za hundi zichukuliwe ndani ya siku chache, lakini kugundua kwamba hundi ni bandia huweza kuchukua wiki kadhaa. Ikirudi, deni ni la aliyeiweka. Oktoba 2009, kampuni ya MoneyGram ilikubali kulipa dola milioni 18 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Marekani (FTC), iliyodai kuwa baadhi ya mawakala wake waliwasaidia matapeli, wakiwamo waliowadanganya watu kwamba wameajiriwa kuwa wateja wa siri.

Huku kwetu hundi si kitu cha kila mtu, hivyo tapeli hupita njia nyepesi zaidi: ada. Leo ni ya fomu, kesho ya mafunzo, keshokutwa ya cheti, zote kwa simu ya mkononi. Ukishatuma, namba haipatikani tena.

Kwa hiyo cha kwanza kuangalia ni fedha zinatoka kwa nani na lini. Kampuni ya kweli haikutozi kitu ili ikupe kazi, wala haikutumii fedha uzipeleke kwa mtu mwingine. Hukulipa baada ya ripoti yako kukubaliwa, na hukupa maandishi yanayotaja ujira, kiasi cha manunuzi itakachokurudishia, tarehe ya malipo na sababu zinazoweza kuifanya ripoti ikataliwe. Kwa Tanzania, usajili wake uulizie Brela. Kipo pia chama cha kampuni za aina hii, MSPA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1998, chenye orodha ya wanachama wake. Chenyewe hakiajiri wateja wa siri, hivyo anayekuajiri kwa jina lake anakudanganya.

Hata kampuni safi, hata hivyo, hailipi mshahara. Chukulia umetumwa kula mgahawani kwa Sh12,000 utakazorudishiwa, na ujira ni Sh10,000. Nauli ya daladala ni Sh2,000, na kazi pamoja na ripoti vimekula saa tatu. Umebakiwa na Sh8,000, nazo zinaweza kuchelewa mwezi mzima pamoja na zile Sh12,000 ulizotoa mfukoni. Risiti ikipotea, ripoti ikakataliwa, umetoka na hasara ya Sh14,000. Mwanafunzi au mstaafu anayepita mjini kwa shughuli zake anaweza kuimudu kazi hiyo. Anayetegemea fedha ya leo kununua unga wa leo hataweza kuingoja.