Walungu: wito peke yake haulishi mwalimu wala muganga

Muulize kijana wa darasa la sita la sekondari huko Walungu kwa nini anasomea ualimu. Mara nyingi atakujibu kwa kifupi: ndiyo masomo yanayopatikana karibu na nyumbani. Diploma ya serikali ya pedagojia inamruhusu kuingia darasani mara moja, bila kwenda Bukavu kutafuta nyumba ya kupanga na minervali ya chuo kikuu. Kwa anayesomea uuguzi ni vilevile. Akipata diploma, kuna kituo cha afya kinachomhitaji, hata kama hakina kitu cha kumlipa.

Wengine wanavutwa na mfano waliouona. Katika wilaya hii ya usultani wa Ngweshe na wa Kaziba, shule na zahanati zilifunguliwa kwanza na wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti, na mpaka leo makanisa ndiyo yanasimamia nyingi kati yake. Mwalimu na muganga walikuwa watu wa kuheshimiwa kijijini.

Daktari Denis Mukwege, ambaye asili ya wazazi wake ni Kaziba, amesimulia mara nyingi jinsi alivyochagua kazi yake. Akiwa mtoto Bukavu, alimsindikiza baba yake, mchungaji, kwenda kuombea mtoto mgonjwa. Alimuuliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si muganga. Basi mtoto akaamua kwamba yeye atakuwa muganga. Ameeleza pia kwamba alipokuwa kichanga, karibu kufa, aliyehangaika mpaka akatibiwa alikuwa mwalimu, mmisionari kutoka Uswidi. Bila mwalimu huyo, pengine hatungekuwa na hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, wala tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 2018.

Tunaipenda hadithi hiyo, na tuna haki ya kuipenda. Lakini kuna watu wanaoitumia vibaya. Kila mara walimu na wauguzi wanapodai mshahara, wanaambiwa kwamba kazi yao ni wito. Neno hilo zuri limekuwa njia ya kukwepa deni.

Tukumbuke tulivyofika hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kulipa walimu, wazazi walianza kutoa pesa ili shule zisifungwe. Ilisemwa ni msaada wa muda. Ulidumu karibu miaka thelathini. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure na ni ya lazima, lakini ilibidi tungoje mwaka 2019 ndipo Rais Félix Tshisekedi aanze kutekeleza neno hilo. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya pesa wakarudi darasani. Hilo ni jambo jema, na hatutaki lirudi nyuma. Ila mwalimu ambaye hayuko kwenye orodha ya mishahara alipoteza pesa ya wazazi bila kupata ile ya serikali. Anafundisha darasa lililojaa, na mfuko wake ni mtupu.

Upande wa afya, mzigo uko bado mabegani mwa mgonjwa. Wauguzi wengi hawana namba ya matrikile. Wengine wanapata primu bila mshahara, na kuna wasiopata hata hiyo. Wanaishi kwa kugawana mapato ya kituo, yaani pesa inayolipwa na mama aliyekuja kuzaa na mkulima mwenye malaria. Ndiyo maana tunasikia wagonjwa waliopona wakizuiliwa kitandani mpaka ndugu wauze mbuzi. Muuguzi aliyewekwa katika hali hiyo analazimishwa kuchagua kati ya huruma na chakula cha watoto wake.

Vita vimeongeza uzito. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili mwaka 2025, benki zilifunga milango, na hata mwenye mshahara akabaki anahangaika namna ya kuupata. Wakati huohuo, machimbo ya zahabu ya Mukungwe yako papo hapo wilayani. Kijana akiona mwenzake anarudi na pesa mkononi, na yeye anarudi na chaki kwenye vidole, tumwambie nini?

Kuna watakaosema kwamba si wote wanaostahili kuhurumiwa. Ni kweli. Kuna mwalimu anayeuza pointi na muuguzi anayemtukana mama akiwa na uchungu. Waadhibiwe. Lakini huwezi kumwadhibu kwa haki mtu usiyemlipa. Mwajiri anayetimiza sehemu yake ndiye mwenye nguvu ya kudai kazi safi.

Wengine watasema serikali ina vita na haina pesa. Sisi tunajibu kwamba shule na kituo cha afya ndivyo vinavyobaki vikishikilia kijiji wakati bunduki zinalia. Vikifa hivyo, hata amani ikija itakuta watoto wasiojua kusoma.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, walimu na wauguzi walioko kazini kweli wahesabiwe, shule kwa shule na kituo kwa kituo, na majina yabandikwe hadharani ili ya uongo yaondolewe. Pili, waliohesabiwa waingizwe kwenye orodha ya mishahara, na walipwe kwa njia inayofika kijijini. Tatu, makanisa yanayosimamia shule na hospitali yaonyeshe waziwazi pesa inayoingia na inayotoka.

Na sisi wazazi? Tusimame pamoja nao wanapodai haki yao, badala ya kulalamika tu siku ya mgomo.

Wito ndio uliowaingiza wengi darasani na wodini. Kuwaacha wafe njaa humo ni kosa letu. Ahadi ni deni, na deni hili linajulikana ni la nani.