Tuonyesheni Faili la Daraja

Daraja likianguka hapa Kenya, swali la kwanza mitandaoni huwa ni lile lile: nani amekula pesa? Silikatai swali hilo, na mara nyingi lina jibu. Shida ni kwamba tukishampata mtu wa kulaani tunaridhika, tunahamia habari nyingine, na yale madaraja mengine ambayo hatujui hali yake tunaendelea kuyapita kila asubuhi tukiwa ndani ya matatu.

Chukua Sigiri. Tarehe 26 Juni 2017, daraja lililokuwa likijengwa juu ya Mto Nzoia kule Budalang'i, Kaunti ya Busia, liliporomoka sehemu ya katikati kabla hata halijakamilika. Wafanyakazi zaidi ya 20 waliumia. Mradi ulikuwa wa takriban shilingi bilioni 1.2, mkandarasi alikuwa kampuni ya Kichina, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameutembelea kama wiki mbili tu kabla. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Yaliyofuata unaweza kuyakisia: picha za rais darajani zikawekwa kando ya picha za vyuma vilivyoinama majini, watu wakacheka, wanasiasa wakarushiana maneno. Wakazi wa Budalang'i waliokuwa wakingoja kuachana na mitumbwi, wakarudi kwenye mitumbwi. Daraja lilikuja kukamilishwa baadaye, na kwa wengi wetu hadithi ikaishia hapo.

Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa nne. Tangu niingie chuoni, ripoti ya daraja la Minneapolis, Marekani, nimepewa darasani mara mbili. Ya Sigiri, hata mara moja. Nilipomuuliza mhadhiri mmoja alicheka akasema, "Ukiipata, niletee nakala."

Wacha nieleze hilo la Minneapolis, maana nafikiri kila komredi anafaa kulijua, hata wale wa fasihi. Lilikuwa daraja la barabara kuu ya I-35W juu ya Mto Mississippi, lililofunguliwa mwaka 1967. Jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, saa za watu kutoka kazini, likaanguka. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Novemba 2008, bodi ya taifa ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa ripoti yake. Ilisema mabamba ya chuma yanayoshika mihimili pale inapokutana yalikuwa na unene wa nusu inchi, yaani karibu nusu ya unene uliohitajika. Kosa la usanifu la miaka ya 60. Kwa miaka 40 daraja liliongezewa uzito kila lilipokarabatiwa, na siku ile kulikuwa na mchanga, kokoto na mashine za ukarabati zimewekwa juu, karibu na yale mabamba dhaifu.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Daraja hilo lilikuwa likikaguliwa kila mwaka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 lilikuwa kwenye orodha ya madaraja yenye upungufu. Na kulikuwa na picha, zilizopigwa mwaka 2003, zinazoonyesha baadhi ya mabamba yamepinda. Picha zilikaa ndani ya faili miaka minne. Wakaguzi walikuwa wakitafuta kutu na nyufa; hakuna aliyerudi kwenye hesabu za mwanzo kuuliza kama bamba lenyewe lilitosha.

Najua mtu ataniambia: si unaona, hata Wamarekani na makaratasi yao yote, daraja limeanguka. Ni kweli, ukaguzi haukuliokoa. Lakini kwa sababu ripoti ilitolewa hadharani, majimbo mengine yalijua cha kwenda kuangalia kwenye madaraja yao. Jimbo la Minnesota lilianzisha mfuko wa kuwalipa waathiriwa. Kampuni ya ushauri iliyokuwa imelichunguza daraja kabla ya ajali ilikubali mwaka 2010 kulipa dola milioni 52.4. Na mimi, mtoto wa Kakamega ambaye hata pasipoti sina, ninaweza kueleza ni bamba gani lilikatika kwanza na kwa nini. Daraja la Sigiri, ambalo liko karibu na kwetu, siwezi.

Italia walikuwa na la kwao. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi mjini Genoa lilianguka na kuua watu 43. Riccardo Morandi mwenyewe, aliyelisanifu, alikuwa ameonya tangu mwaka 1979 kwamba kutu inalila daraja lake. Mwaka 2023, mahakamani, aliyekuwa mkuu wa kampuni mama ya waendeshaji wa barabara hiyo alisimulia kwamba katika mkutano wa mwaka 2010 aliambiwa daraja lina kasoro ya usanifu. Akauliza nani anathibitisha usalama wake. Akajibiwa kwamba wanajithibitishia wenyewe. Aliingiwa na wasiwasi, na hakufanya kitu. Yaani anayekusanya ushuru ndiye huyo huyo anayejipa cheti, na mkubwa akisikia, ananyamaza. Hebu niambieni kama hadithi hii ina chochote cha kigeni.

Kwetu kuna ugumu mwingine, nao ni kujua daraja ni la nani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizaa KeNHA, KURA na KeRRA. Kisha ugatuzi ukaleta kaunti 47 zenye barabara zao. Mvua ikibeba daraja, siku tatu za kwanza zinaisha watu wakitupiana mpira. Huyu anasema hiyo ni barabara ya kaunti, yule anasema ni ya serikali kuu, na mama mwenye mkokoteni wa nyanya anavuka kwenye maji akishikwa mkono na vijana wanaotaka shilingi 50.

Tena si lazima tuende mbali. Lile daraja la waenda kwa miguu tunalotumia kuvuka barabara kuja lekcha, ngazi zake zina kutu ambayo ukiigusa inabaki mkononi. Nimeuliza wasimamizi wa majengo chuoni, wakanielekeza nje. Huko nje nikaelekezwa ofisi nyingine, na huko nikaambiwa nirudi Jumatatu. Sijasema daraja litaanguka. Pengine ni kutu ya juu juu tu, na mhandisi aliyelikagua aliandika hivyo. Basi nataka kuona alipoandika.

Kuna wahandisi ninaowaheshimu wanaosema tukianika ripoti za ukaguzi, umma utaingiwa na hofu kwa mambo usiyoyaelewa. Hoja hii siipuuzi kabisa. Mtu akisoma neno "ufa" anaona kaburi, kumbe zege karibu lote lina nyufa ndogo. Lakini orodha ya madaraja ya Marekani, zaidi ya 600,000, iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama, na watu wanaendelea kuvuka. Na zile picha za Minneapolis zingepita mbele ya macho mengi zaidi, nafikiri mtu mmoja, labda mwanafunzi asiyejua bado mambo ambayo haulizi, angeuliza mbona bamba limepinda.

Na hapa hatuna kisingizio cha kusema sheria hakuna. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upataji Taarifa ya mwaka 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa taarifa hiyo inahitajika kulinda uhai wa mtu. Hulazimiki hata kueleza unaitakia nini. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman.

Ndiyo maana nimepeleka hoja kwenye kikao kijacho cha chama chetu kwamba tuandike barua rasmi, kwa muhuri wa chama, tuitie sahihi wengi kadiri tutakavyoweza, na nakala ibandikwe pale kwenye ubao wa kantini pamoja na tarehe tuliyoipeleka. Rasimu ninayo. Ina maswali manne tu kuhusu daraja letu la miguu: ni la ofisi gani, lilikaguliwa lini mara ya mwisho, nani alitia sahihi, na aliandika nini kuhusu zile ngazi. Swali la tano, kuhusu Sigiri, wenzangu wawili wanataka liondolewe kwa sababu eti si letu. Kikao ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Mimi nitapiga kura libaki.