Kumfukuza Mwalimu Si Dawa ya Klabu Iliyo Taabani

Kila msimu wa ligi unapofika kati, sauti moja husikika katika mabaraza yetu, tangu Darajani na Kikwajuni hadi Chake Chake na Wete. Timu ikishindwa michezo miwili mfululizo, na wa tatu ikatoka sare, mashabiki husema kwa kauli moja: mwalimu aondoke. Viongozi wa klabu nao, badala ya kukaa na kupima, huitana usiku, na asubuhi hutoa taarifa fupi ya kumshukuru mwalimu na kumtakia kheri huko aendako. Jioni ya siku hiyo mabaraza hutulia. Baada ya wiki chache kilio huanza upya.

Jambo hili wako watakaosema kuwa ni dogo, kwamba ni mpira tu. Sisi hatuoni hivyo. Klabu ni mali ya wanachama, na fedha zinazolipwa kuvunja mikataba ni fedha zao. Viwanja vinavyochezewa ni vya wananchi. Uwanja wa Amani uliofunguliwa tena Disemba 2023 baada ya matengenezo makubwa ni mali ya umma. Isitoshe, namna tunavyoongoza klabu ni kioo cha namna tunavyoongoza mambo mengine. Mtu asiyeweza kueleza kwa nini timu yake imeshindwa hawezi kutarajiwa kueleza kwa nini shirika lake limepata hasara.

Hebu tuangalie mfano ambao kila mpenzi wa mpira Visiwani anaukumbuka. Tarehe 5 Novemba 2023, Simba ilifungwa na Yanga mabao matano kwa moja jijini Dar es Salaam. Siku mbili baadaye klabu ikaachana na mwalimu wake, Robertinho wa Brazil. Kufungwa matano na mtani ni fedheha, na hakuna anayelikanusha hilo. Lakini tukumbuke yaliyotangulia. Miezi michache kabla, mwalimu huyohuyo alikuwa ameifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na ikatolewa kwa mikwaju ya penalti na Wydad ya Morocco, waliokuwa wakilishikilia kombe hilo. Agosti 2023 alikuwa ameishinda Yanga hiyohiyo, nayo kwa penalti, kule Tanga na kutwaa Ngao ya Jamii. Na kabla ya siku ile ya matano, Simba ilikuwa haijafungwa mchezo wowote wa ligi msimu ule. Basi mwalimu hakupimwa kwa kazi ya mwaka. Alipimwa kwa dakika tisini.

Je, dawa ilifaa? Akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, mwalimu mwenye sifa kubwa barani. Januari 2024, hapa hapa Amani, Simba yake ilifungwa bao moja kwa bila na Mlandege yetu katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Mwisho wa Aprili mwaka huo ikachukua Kombe la Muungano, papo hapo Amani, kwa kuifunga Azam bao moja. Na siku iliyofuata mwalimu akaaga na kwenda zake. Simba ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu, ikalingana pointi na Azam na kuzidiwa kwa mabao, na hivyo ikaikosa tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Hapana haki ya kumlaumu Benchikha peke yake kwa hayo, kama ambavyo haikuwa haki kumlaumu Robertinho peke yake kwa yale matano. Tunachosema ni kwamba mwalimu alibadilishwa, na ugonjwa ukabaki.

Wala hilo halikuwa tukio la pekee. Tangu klabu hiyo ilipoachana na Patrick Aussems mwishoni mwa Novemba 2019 hadi Disemba 2025, walimu tisa kutoka nje walikabidhiwa timu, mbali na wazalendo walioishikilia baina ya mmoja na mwingine. Baadhi yao waliondolewa, wengine waliondoka kwa hiari baada ya kupata pahala pengine. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha hawakuwa wengi kwa wakati mmoja. Walipishana mlangoni, kila mmoja na dira yake, na mabaharia hawakujua waufuate mkondo upi. Baada ya ubingwa wa 2020/21, misimu minne iliyofuata ilipita bila ya Simba kulitwaa taji la ligi.

Sasa tutazame upande wa pili. Nasreddine Nabi wa Tunisia alifika Yanga Aprili 2021. Mwanzo wake haukuwa wa kupigiwa ngoma. Ubingwa wa msimu ule ulikwenda Simba. Julai akafungwa na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi yetu kule Kigoma. Septemba akatolewa mapema katika Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, akifungwa bao moja nyumbani na bao moja ugenini. Kwa vipimo vya mabaraza yetu mtu huyo alistahili kufungiwa virago mara tatu. Viongozi wake walimwacha afanye kazi. Msimu wa 2021/22 Yanga ilichukua ubingwa bila ya kupoteza hata mchezo mmoja wa ligi. Msimu uliofuata ikauchukua tena. Na mwaka 2023 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikalikosa kwa sheria ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kuunda kunataka muda.

Msomaji makini atatuuliza: mbona Yanga hiyohiyo baadaye ilibadilisha walimu na bado ikashinda? Swali hili ni la haki na halifai kukwepwa. Novemba 2024 Yanga iliachana na Miguel Gamondi, aliyeipa ubingwa wa 2023/24, baada ya kufungwa na Azam na kisha na Tabora United. Akaja Sead Ramovic, ambaye naye aliondoka Februari 2025, na Miloud Hamdi akaimaliza kazi. Walimu watatu katika msimu mmoja, na ubingwa haukutoka.

Lakini mfano huo, ukiutazama vizuri, unaunga mkono hoja yetu. Kama timu inaweza kuongozwa na watu watatu katika msimu mmoja na bado ikashinda, basi kilichoibeba si mwalimu huyu wala yule. Kilichoibeba ni wachezaji waliochaguliwa vyema kwa miaka kadhaa, waliozoeana, na walioujua wajibu wao. Nyumba yenye msingi haianguki kwa kubadilisha mlango. Na nyumba isiyo na msingi haisimami kwa kutiwa mlango mpya, hata ukiwa wa Zanzibar wenye nakshi na njumu za shaba.

Kuna jambo jingine linalowapoteza watu. Mara nyingi mwalimu mpya akija, timu hushinda mchezo wa kwanza au wa pili, na mashabiki husema: mmeona! Hawakumbuki kuwa timu haiwezi kufungwa milele. Bahati mbaya ikishakithiri, hurudi mahala pake yenyewe, kama bahari inavyojaa baada ya kupwa bila ya kuamrishwa na mtu. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alilichunguza jambo hili katika ligi ya nchi yake kwa miaka ya 1986 hadi 2004. Alizilinganisha klabu zilizomfukuza mwalimu wakati wa kuporomoka na klabu zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikambakisha. Zote ziliinuka kwa namna moja. Tofauti ni kwamba za kwanza zilikuwa zimelipa gharama ya kufukuza, na za pili hazikulipa.

Basi kwa nini viongozi hupenda dawa hii? Kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu inawasitiri. Wahenga walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Mwalimu ndiye anayesimama ukingoni mwa uwanja, mbele ya macho ya watu; yeye ndiye aliyeshika ngozi. Ng'ombe amechinjwa kwengine. Nani alimsajili mshambuliaji aliyekuja na majeraha? Nani alichelewesha mishahara na posho za wachezaji? Nani alipiga simu usiku wa kuamkia mchezo kumwamrisha mwalimu ampange fulani kwa kuwa ni kipenzi cha mfadhili? Maswali haya hayaulizwi katika mkutano wa kumfukuza mwalimu, kwani wanaotakiwa kuyajibu ndio walioviketi viti vya mbele.

Hatutaki kueleweka vibaya. Hatusemi kuwa mwalimu hafukuziki. Mwalimu asiyefika mazoezini, anayepokea hongo katika usajili, anayewatukana vijana wetu au kuwagawa kwa makundi, huyo aondoke leo bila ya kusubiri kesho, hata kama timu iko kileleni. Kadhalika mwalimu aliyepewa wachezaji aliowataka, muda alioahidiwa na utulivu unaohitajika, na bado mwaka mzima timu haionyeshi dalili ya kujifunza, hana dai juu ya klabu. Lakini uamuzi huo ufanywe mwisho wa msimu, kwa taarifa iliyoandikwa, si kwa hasira ya usiku mmoja. Dini yetu imetufundisha kushauriana katika mambo yetu, na siasa yetu imetufundisha kujikosoa kabla ya kukosoa wengine. Yote mawili hayafanyiki katika kelele za uwanjani.

Iko pia dhulma ndogo inayotendeka kimyakimya, nayo ni juu ya walimu wetu wazalendo. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa walimu wetu mgeni huja na mwenyeji husogezwa ukumbini. Septemba 2022 Juma Mgunda alikabidhiwa Simba iliyokuwa haina mwalimu. Aliivusha hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, akiwafunga Primeiro de Agosto mabao matatu kwa moja kwao Angola. Januari 2023 akaletwa mgeni juu yake. Aprili 2024 mgeni mwengine alipoondoka ghafla, ni Mgunda huyohuyo aliyeitwa kuziba pengo. Mtu anayeaminiwa nyumba inapowaka moto, kwa nini haaminiwi inapojengwa? Sisi hatuna chuki na wageni. Nabi alikuwa mgeni na alifanya kazi njema. Tunachokataa ni mazoea ya kumwona mwenyeji kuwa kaimu wa maisha. Visiwani tunao ushahidi wetu: mwaka 2017 mwalimu wetu Hemed Suleiman aliifikisha timu ya Zanzibar fainali ya Kombe la Chalenji huko Kenya, na ikashindwa na wenyeji kwa penalti tu.

Haya tunayasema kwa kuitazama Simba, lakini tunawasemesha wa kwetu. Ligi Kuu ya Zanzibar nayo imeambukizwa maradhi hayo, na tena hapa kwetu hali ina uzito wa pekee. Klabu zetu kadhaa zenye nguvu, kama KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto, ni za vikosi vya Serikali. Viongozi wake ni watumishi wa umma waliozoea nidhamu ya amri na taarifa. Basi wao ndio wanaopaswa kutoa mfano. Hawawezi kuendesha ofisi kwa mpango wa mwaka, kisha wakaendesha timu kwa mpango wa wiki.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila klabu imwandikie mwalimu wake, siku anapoajiriwa, malengo ya msimu yanayopimika, na wanachama wayajue. Pili, usajili wa wachezaji ufanywe kwa rai ya mwalimu, na kiongozi anayemletea mchezaji kwa nguvu aandike jina lake ili naye aulizwe. Tatu, kila mwalimu anapoondolewa kabla ya muda, wanachama waelezwe ni kiasi gani cha fedha kimelipwa na kwa sababu gani. Nne, wenye dhamana ya michezo Serikalini wawasomeshe walimu wetu hadi ngazi za juu za vyeti vya Afrika, ili isiwe kisingizio kwamba mzalendo hana karatasi.

Tarehe 25 Mei 2025 watu waliujaza Uwanja wa Amani kuitazama Simba ikirudiana na Berkane katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mabao mawili ya Morocco hayakurudi. Mchezo ukaisha bao moja kwa moja, na kombe likaondoka Visiwani. Mwalimu wa siku ile, Fadlu Davids, alikuwa na timu hiyo kwa chini ya mwaka mmoja. Kabla ya kupambazuka Oktoba alikuwa ameshakwenda kufundisha Morocco. Yaliyojengwa katika msimu ule yakahitaji mkono mpya, na mkono huo mpya nao haukudumu hata miezi mitatu.

Klabu inayomfanya mwalimu wake mpita njia isishangae mwalimu naye akiifanya klabu kituo cha kupumzikia. Atakayetaka kombe lisitoke tena mikononi mwake mbele ya macho yetu, na aanze kwa kukaa chini na kujiuliza mwenyewe, kabla ya kumnyooshea kidole mtu aliyesimama peke yake ukingoni mwa uwanja.