Likizo ya Omani, Kengele ya Singida



Mie ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Singida, mwaka wa kumi na tano huu. Waliowahi kufika wanaijua: mji wa upepo, majabali makubwa na maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Mwezi wa sita baridi yake si ya mchezo, na kila nyumba inazungumza alizeti, nani kavuna na nani kashakamua mafuta. Nimepazoea na nimepapenda. Lakini kila ikifika Mei simu inaanza kulia kutoka Muscat. Khala zangu wawili wako huko tangu mie mdogo, na swali lao ni moja: "Mwaka huu mnakuja au hamji?"

Mwaka jana tulikwenda. Nataka kusema leo nilichojifunza, maana najua wengi wenu mna ndugu Omani, Dubai au Uingereza, na mwaliko kama huu mnao.

Tatizo letu ni kalenda mbili zisizofanana. Huko Omani skuli zinafungwa Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwetu Tanzania likizo ya katikati ya mwaka ni kama mwezi mmoja tu, na mapema Julai kengele inagonga. Kwa hiyo wenyeji wako wakikwambia "likizo bado mbichi", wanasema kweli, ila ni likizo yao. Yako imekwisha.

Nilijua hivyo na bado nikakaa. Tulipanga wiki nne. Khala mkubwa akasema, mtakwendaje bila ya kuona Salalah, na khariif ndiyo kwanza inaanza? Mwenye kwenda anajua: Muscat mnaungua kwa joto la zaidi ya nyuzi 40, na huko kusini ni manyunyu, ukungu na milima ya kijani kama si Uarabuni. Tukaenda kwa gari, kiasi cha kilomita elfu moja. Tuliporudi Muscat ikatokea harusi ya binti wa jirani. Baada ya harusi, khala mdogo akaumwa mgongo. Kila wiki ilikuwa na sababu yake nzuri. Tuliingia Singida wiki tatu baada ya skuli kufunguliwa.

Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba. Wenye watoto mnajua maana yake: mtihani wa taifa ni Septemba. Siku aliyorudi darasani alikuta wenzake wameshafanya mtihani wa majaribio, mwalimu wa hesabu ameshamaliza mada mbili, na daftari za kunakili zinafika kiunoni. Hakulalamika. Usiku nikasikia maji yanamwagika bafuni muda mrefu mno, nikajua analia. Nilipomfuata akaniambia neno moja tu: "Mama, si ungeniuliza na mie."

Neno lile sijalisahau. Nilikuwa nimemuuliza khala, nimemuuliza mama yangu Unguja, nimeomba ruhusa ya mume wangu kwa simu mara tatu. Mwenye mtihani sikumuuliza.

Halafu kuna usingizi, jambo tunalolidharau. Kule Muscat mchana hakutokeki, kwa hiyo maisha ni ya usiku. Isha inaingia baada ya saa mbili, ndipo watu wanatoka. Watoto wanalala saa saba, saa nane, na wakiamshwa Alfajiri wanasali nusu macho kisha wanalala tena hadi Adhuhuri. Fanya hivyo wiki saba, kisha umtake mtoto asimame mstarini saa moja na nusu asubuhi katika baridi ya Singida! Mdogo wangu wa kiume alisinzia darasani siku nne mfululizo. Chuoni nako, juzuu aliyokuwa ameihifadhi kabla ya safari ilikuwa imepukutika. Ustadhi akamrudisha nyuma sura nyingi.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kuunga udugu ni ibada. Naam, na mie siikatai. Lakini udugu hauungwi kwa urefu wa kukaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa siku arobaini na tisa, na hata jembe hatukupewa. Tena mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) yako wazi: safari ni sehemu ya taabu, inamnyima mtu usingizi na chakula chake, na mwenye kumaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Mume wangu alikuwa peke yake wiki zote zile, anavuna alizeti mchana na kujipikia usiku. Yeye pia ni udugu.

Pili, watu wataniambia: "Lakini binti si alifaulu?" Alifaulu, alhamdulillah. Ila mie ndiye niliyemuona akisoma hadi macho mekundu, Agosti nzima, akikataa hata kwenda kwa wifi yangu siku ya Ijumaa. Kufaulu kwake ni jasho lake na fadhila za Allah. Halinisafishi mie.

Basi rai yangu ni hii. Mwenye watoto wa skuli asiongeze hata siku moja juu ya kalenda ya skuli yao, na akiweza arudi wiki moja kabla. Ile wiki moja ndiyo ya kurudisha usingizi, kushona sare iliyopasuka, kusikiliza sura walizozisahau, na kumaliza hadithi za Salalah nyumbani, wasiende kuwatambia wenzao ambao likizo yao ilikuwa kuchunga mbuzi na kupiga alizeti. Wangu walianza kuniuliza kwa nini nyumbani hakuna kiyoyozi. Singida, mwezi wa saba! Nikawapa blanketi.

Na kama safari ni ndefu, iwekeni Disemba. Likizo yetu ya mwisho wa mwaka inatosha, mtihani umeshapita, na hewa ya Omani wakati huo ni ya kupendeza hata mchana. Kweli, watoto wa huko watakuwa skuli, lakini jioni wapo, na khala zetu wapo siku zote.

Kwenu mabibi harusi, hasa mnaoolewa mbali na kwenu: lizungumzeni hili mapema na waume zenu, kabla hamjapata watoto. Nani ataamua tarehe ya kurudi? Nauli itatoka wapi? Ndugu wakiomba muongeze siku, jibu letu litakuwa lipi? Mie na mume wangu hatukuwahi kuyasema, kwa hiyo kila simu niliyompigia ilikuwa ombi jipya, naye kwa upole wake akasema "sawa" huku moyo wake haukuwa sawa. Amenambia baadaye. Mkikubaliana mapema, humkatalii khala wewe. Unamwambia, "Tumeshakubaliana nyumbani," na mtu mzima ataielewa heshima hiyo.

Mkifika, msisahau sunna ya rakaa mbili za kurudi safarini, na zawadi ya jirani hata ikiwa halua kijiko kimoja. Kisha usiku uleule taa zizimwe mapema.

Mwaka huu khala amepiga simu tena. Safari hii nilimwita binti yangu kwanza, nikamuuliza kama anataka kwenda. Hakuuliza habari za bahari wala za manukato ya Mutrah. Aliniuliza, "Tunarudi tarehe ngapi?"

Nikaiandika tarehe ukutani, mbele ya macho yake, ndipo nikampigia khala.