Waacheni Wanafunzi Wazifungue Tarakilishi

Muhula uliopita, tarakilishi moja ya shule ninakofunza ilibadilishwa bodi kuu. Ilipowashwa, feni zilizunguka lakini kiwambo kikabaki giza. Fundi akashauri tununue prosesa mpya, na bei yake, ndugu msomaji, si haba.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akaomba bisibisi. Alikata umeme, akachomoa diski, akabakisha kadi moja tu ya kumbukumbu, kisha akazifuata nyaya mmoja mmoja. Plagi kubwa ya pini 24 ilikuwa mahali pake. Ile ndogo ya pini 8, iletayo umeme kwa prosesa, ilikuwa ikining'inia nyuma ya feni! Alipoichomeka, maandishi yakajitokeza.

Sasa tumeagizwa tuyatie makasha ya tarakilishi kufuli, eti wanafunzi wataziharibu. Mbona fundi tuliyemlipa hakufungiwa?