Upanga ndani ya kaunta buku

Simu ikiita saa kumi na moja alfajiri, wazo la kwanza ni msiba. Alikuwa dada yangu. "Mdogo wangu, amka. Nimekuta vitu kwenye begi la mtoto."

Nikadhani bangi. Kijana ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, na kazi hii ya kuandika habari za afya imenifanya niwe mwepesi wa kuwaza mabaya. Haikuwa bangi. Lilikuwa kaunta buku lililojaa michoro ya panga, si zile za kufyekea majani bali za vita, ndefu, zenye makali pande mbili. Kila upanga ulikuwa na ukurasa wake, jina lake na maelezo. Huu unawaka moto. Huu unaongea na mwenye nao. Huu unakula roho. Pembeni kuna namba ambazo dada alizichukua kuwa alama za siri: +1, +2, +3.

"Unakula roho," akanisomea, sauti ikitetemeka. "Kaandika kwa mkono wake mwenyewe. Na hizi siku macho mekundu, chakula hataki. Nimpeleke kwa nani?"

Nikamwomba mambo mawili: asilichome daftari na asimwamshe mtoto. La pili nilichelewa. Alikuwa ameshamtoa kitandani.

Naandika haya kwa ruhusa yao wote wawili, kwa sababu najua si dada peke yake. Simu zimefanya michezo ya mbali iingie vyumbani mwa watoto wetu, na mzazi anaishia kukutana nayo ndani ya begi la shule bila maelezo yoyote.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa asili ni mchezo wa mezani, na hauhitaji skrini. Watu wanne watano wanakaa pamoja, mmoja anakuwa msimamizi na kusimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi. Ukitaka mhusika wako aruke ukuta unasema, "Naruka," kisha unarusha dadu yenye pande 20. Dadu ndiyo itakayosema kama umevuka au umevunjika mguu. Fikiria ngano za bibi, zile za hadithi hadithi, ila wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani na kuiharibu safari ya sungura.

Kijana wetu anacheza kwa video na binamu zake walioko Ohio, watoto wa kaka yetu mkubwa.

Sasa panga. Zile namba zilizomtisha dada ni hesabu tu. Upanga wa +1 maana yake ukirusha dadu unaongeza moja. Ukipata 13, inahesabiwa 14. Upanga unaokata kichwa mara dadu inapoangukia 20 unaitwa vorpal, jina lililotoka kwenye shairi la Lewis Carroll ndani ya kitabu cha watoto cha mwaka 1871. Na huo unaokula roho unaitwa Blackrazor. Aliuingiza mchezoni Lawrence Schick mwaka 1979, na mwenyewe amekiri kwamba aliuchota kwenye Stormbringer, upanga wa hadithi za Mwingereza Michael Moorcock za miaka ya 1960. Kwa hiyo huyo mganga tuliyekuwa tunamtafuta ni mtunzi wa hadithi.

Nilichokuja kukipenda ni kwamba panga hizi zina tabia. Tangu kanuni za kwanza za 1974, upanga wa ajabu unaweza kuwa na akili na kiburi chake, na ukimshinda mwenye nao, yeye ndiye anayebebwa. Blackrazor ukikaa siku tatu bila kula, jua likizama unagombana na bwana wake. Anarusha dadu. Akishindwa, upanga unaanza kutoa madai. Tena huwezi kujilimbikizia: kwa kanuni za toleo la 2014, vitu vyenye nguvu kubwa vinataka ukae navyo saa nzima hadi mzoeane, na mtu mmoja hawezi kuzoeana na zaidi ya vitatu. Natamani kanuni hiyo ingekuwepo kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hofu ya dada si ngeni. Mwaka 1982, mama mmoja wa Virginia alimpoteza mwanaye, aliyejiua. Mama akaamini kwamba laana aliyowekewa kijana ndani ya mchezo huu ndiyo iliyomuua. Alimshitaki mkuu wa shule, mahakama ikaitupa kesi, na mwaka 1983 akaanzisha kikundi cha kuupinga mchezo. Televisheni na makanisa ya Marekani yaliuzungumza kwa miaka. Waliochunguza baadaye hawakupata ushahidi kwamba mchezo unasababisha watoto kujiua. Siwezi kumcheka mama yule. Mzazi aliyefiwa anatafuta pa kushika. Ila mtoto akiacha kula, akiacha kulala, akijitenga na rafiki zake, akianza kugawa vitu anavyovipenda au kusema ni bora asingekuwepo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Habari za daftari zitasubiri.

Kwa kijana wetu, kuacha kula na macho mekundu ndivyo vilivyonipeleka kwao Jumamosi, nikiwa na karanga za kukaanga mkononi.

"Shikamoo mamdogo," akasema, bila kunitazama. Alijua nimetumwa.

"Marahaba. Nifundishe huu mchezo."

Akanikagua kama askari wa barabarani. Kisha akaleta karatasi na dadu. Nikatengeneza mhusika wangu, mwanamke mfupi mwenye hasira, nikapewa upanga wa kawaida kabisa, hata +1 haukuwa nayo. Nikafa ndani ya dakika kumi. Mtoto huyu ambaye kila ukimwuliza kitu anajibu "poa" aliongea dakika 40 mfululizo. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, kuna shirika linaloitwa Game to Grow linalotumia michezo ya namna hii kuwasaidia vijana wanaopata shida kuchangamana na wenzao. Baada ya Jumamosi ile sikuwa na haja ya kuuliza inawezekanaje.

Tukafungua kaunta buku. Tukafika kwenye upanga wa kisasi. Huu umo kwenye kanuni: ndani yake kuna roho yenye kinyongo, na anayeumiliki hataki kuuachia. Mtu akimjeruhi, asipobahatika kwenye dadu ni lazima apigane na huyo huyo mpaka mmoja aanguke. Ukurasa uliofuata ulikuwa na upanga ambao haumo kwenye kitabu chochote. Kautunga mwenyewe. Hauna jina. Kanuni yake ilikuwa mstari mmoja: anayeubeba haruhusiwi kumwambia mtu, akimwambia, unamkata yule aliyeambiwa.

"Huu anaubeba nani?"

"Mtu tu."

"Kaupata wapi?"

Akaizungusha dadu mezani muda mrefu. "Kwenye daladala."

Ikatoka kidogo kidogo. Tangu Januari, wavulana watatu wakubwa wanamsubiri kituoni baada ya masomo. Wanachukua nauli na hela ya kula. Anarudi nyumbani kwa miguu, amechoka, njaa imeshapita, anasema ameshiba. Walimwambia akisema nyumbani watamsubiri mdogo wake wa kike, aliye darasa la nne shule ya jirani.

Nikamwambia ukweli: jambo hili siwezi kulifanya siri, lakini unaweza kuchagua tumwambie mama vipi. Akachagua nianze mimi, yeye akae chumbani mlango ukiwa wazi. Ndivyo tulivyofanya. Dada hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu Januari?" kisha akaenda kukaa kwenye kitanda cha mwanaye.

Msianze kupekua kila mchoro mkitafuta siri. Kaunta buku lile lina panga 24, na 23 kati yake ni panga tu, zimechorwa na mtoto anayependa panga. Hata huo mmoja nisingeutambua kwa kuusoma peke yangu. Niliutambua kwa sababu nilikuwa nimeshakufa mara mbili mezani pake, akaona sina haraka.

Jumatatu dada alikwenda shuleni. Mvulana mmoja ameitiwa mzazi, wawili wamekana, na mwalimu wa nidhamu anasema anaendelea kufuatilia. Tunasubiri, hatujaridhika. Kwa sasa mdogo mtu anachukuliwa na jirani, na kijana anarudi na wenzake wanne wa mtaa wetu.

Na macho mekundu? Hayo yalikuwa ya mchezo kweli, lakini si mapepo. Binamu zake walikuwa wanaanza saa kumi na moja jioni yao, ambayo kwetu ni saa sita usiku, na wakimaliza saa nane. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Hapo dada alikuwa na haki ya kugomba, na aligomba. Kaka naye kule aligombezwa, maana alijua saa zetu. Sasa wanacheza Jumamosi tu, saa mbili usiku yetu, saa saba mchana yao, na simu inalala sebuleni.

Jumamosi iliyopita dada aliketi nao, kwa madai kwamba anakagua. Baada ya nusu saa akaomba mhusika. Akauliza kama hakuna upanga uliobarikiwa, yeye hataki hivi vya kula roho. Binamu wa Ohio akamjibu kwa heshima zote: "Upo, shangazi. Unaitwa Holy Avenger. Ni wa askari aliyekula kiapo cha haki. Ila haupatikani mwanzoni, lazima ucheze miezi mingi."

Akapewa rungu.