Meli Ikizama, Hesabu na Watu

Leo tuongee juu ya ule mchezo wa manowari unaojaza ukumbi wetu kila jioni. Wazee wengine wanasema tuuache: eti vijana waliokimbia vita wanakaa chini tena kucheza vita? Swali lao ni la haki. Sisi tunasema mchezo ubaki, ila hesabu ya pointi ibadilike.

Kwa ambao hawajauona: meli ni vipande vya boksi, bahari ni turubai, mwendo tunapima na rula, kupiga ni kwa dadu. Na kila mtu anataka Japani! Sababu tunaijua. Mwaka 1942 Wajapani walikuwa hodari wa kupigana usiku, na torpedo yao ya Aina ya 93, iliyotumia oksijeni, ilifika kilomita 20 kwa kasi yake kubwa. Za Wamarekani hazikukaribia hapo.

Lakini silaha hiyo inaweza kumgeukia mwenyewe. Juni 1942, kwenye mapigano ya Midway, kruza mbili za Japani, Mogami na Mikuma, ziligongana usiku. Ndege za Marekani zikazifuata. Mogami ilikuwa imetupa torpedo zake baharini, ikapona. Mikuma ilibaki nazo, zikalipuka, ikazama. Anayechezea Japani ajue na hilo.

Sasa tuangalie pointi. Usiku wa kuamkia Agosti 9, 1942, karibu na kisiwa cha Savo, Admirali Gunichi Mikawa alizamisha kruza nne, tatu za Marekani na moja ya Australia. Kwa kanuni zetu huyo ameshinda, makofi tunapiga. Lakini meli zilizoleta askari na mizigo Guadalcanal hakuzigusa, akarudi zake. Wamarekani wakabaki kisiwani, na Februari 1943 walioondoka ni Wajapani. Kwetu kruza ni pointi 20, meli ya mizigo pointi 2. Yaani tunamfundisha mdogo wetu kwamba kilicholetwa na vita hakina maana, maana iko kwenye mizinga tu.

Na meli isiyo na mizinga mikubwa haiko tupu. Februari 12, 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani walikuwa zaidi ya watu 1,500: wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi. Ilizama kwa dakika chache tu, wakafa karibu watu 1,300. Manowari za Waingereza zilizoilinda, zikiitafuta nyambizi, zikaangusha mabomu ya majini pale pale walipokuwa wanaelea walionusurika. I-27 nayo ikazamishwa. Kwenye karatasi yetu hiyo ni pointi kwa huyu, pointi kwa yule, haya tuendelee.

Jamani, sisi tunajua kuhesabiwa hivyo. Tumesikia redioni kwamba kijiji fulani kimechukuliwa, kimerudishwa, kimechukuliwa tena. Waliokuwa wamelala ndani ya nyumba hawakutajwa. Kama sisi wenyewe tutacheza hivyo hivyo, nani atahesabu tofauti?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya dadu, kila upande uandike umetumwa kufanya nini, na ushindi upimwe kwa hilo. Pili, meli ya mizigo au ya askari ipewe pointi sawa na kruza. Tatu, kabla ya kuondoa meli yoyote kwenye turubai, aliyeizamisha aseme kwa sauti ilibeba nani. Kama hajui, atafute kwanza.

Wengine watasema hiyo itapunguza raha. Ipunguze kidogo, hakuna shida. Na nyinyi wazee wetu, msikae mlangoni mkitikisa kichwa. Njooni mkae na sisi, mwe waamuzi. Vita mnavijua kuliko dadu.